Gundu la Timu na Yule Anayebebeshwa

Ukitaka kujua watu wanaamini nini kwa dhati usiwaulize, subiri timu yao iwe inaongoza bao moja dakika ya 85 kwenye fainali halafu angalia wanavyokaa. Aliyesimama anakatazwa kukaa, aliyetoka kidogo timu ikapata bao anaambiwa abaki huko huko nje, simu hazipokelewi, na ole wake atakayetamka neno ubingwa kabla ya filimbi. Wote hao ni watu wazima na akili zao, wengine kazini kwao wanaheshimika kabisa, lakini dakika hizo tano hakuna wa kuwaambia kitu. Na mimi nimo, kuna jezi siivai siku ya fainali na huwa sitaki mjadala juu ya hilo.

Kwa hiyo sijaja kumsema mtu anayeamini gundu. Naona kabisa ni sehemu ya utamu wa kushabikia, maana shabiki anateseka lakini uwanjani hana mguu, hawezi kufunga wala kuzuia, kilichobaki mikononi mwake ni jezi na kiti alichokalia basi anavishikilia hivyo hivyo. Kinachonikaa rohoni ni kingine. Mkosi hauelei hewani tu, lazima upewe pa kukaa, leo utaambiwa uko kwenye namba ya jezi, kesho uko kwenye uwanja, na siku timu ikifungwa kule kufungwa kwa kuumiza kweli, vitu vyote hivyo vinaonekana vidogo, ndipo anatafutwa mtu. Akishapatikana huyo mtu hakuna rufaa.

Nianze na ule mkosi usiomuumiza mtu, maana nao ni mtamu kuusimulia. Benfica ya Ureno ilikuwa na kocha anaitwa Béla Guttmann, Mhungaria. Mwaka 1961 akawapa kombe la Ulaya kwa kuifunga Barcelona 3-2 pale Bern, mwaka uliofuata wakaichapa Real Madrid 5-3 Amsterdam, Eusébio akiwa kijana wa miaka 20 tu. Inasimuliwa kwamba baada ya hapo Guttmann aliomba nyongeza ya pesa, viongozi wakamkatalia, akafunga virago na kuacha maneno mazito kwamba Benfica haitachukua tena kombe la Ulaya kwa miaka 100. Kama aliyasema hivyo au wasimuliaji walimwongezea, kilichofuata ndicho kimeyapa maneno nguvu. Tangu hapo wamefika fainali nane za Ulaya, nane, na zote wamepoteza: 1963, 1965, 1968, 1983, 1988, 1990, 2013 na 2014. Ile ya 1990 ilichezwa Vienna, mji ambao Guttmann amezikwa, na Eusébio mwenyewe akaenda mpaka kaburini kumwombea mzee alegeze. Milan wakashinda 1-0. Mwaka 2014 wakamwekea sanamu pale uwanjani kwao, na Mei mwaka huo huo wakafungwa kwa penati na Sevilla.

Sasa zichukue hizo fainali moja moja. Ile ya 1965 walicheza na Inter, na ilichezwa San Siro, yaani nyumbani kwa Inter. Ile ya 1968 walicheza na Manchester United, Wembley, Uingereza hiyo hiyo, dakika 90 zikaisha 1-1 na mambo yakaharibikia muda wa nyongeza. Milan ya 1990 ilikuwa na Gullit, Van Basten na Rijkaard kwa pamoja, na Rijkaard ndiye aliyefunga, sasa hapo mzee Guttmann anahusikaje. Mbili wamepoteza kwa penati, moja kwa kichwa cha Ivanović wa Chelsea dakika za majeruhi. Hata ukisema kila fainali ilikuwa nusu kwa nusu, kupoteza nane mfululizo inatoka kama moja kwa 256. Ni ndogo, ndiyo, lakini vilabu ni vingi na mashindano ni mengi na miaka inapita, mahali fulani lazima itokee, na itakapomtokea mwenye kisa cha kocha aliyeondoka na hasira huyo ndiye tutamkumbuka, yule mwingine aliyepoteza bila kisa hakuna anayemhesabu.

Na hivyo ndivyo mkosi unavyotengenezwa, kwa kuchagua cha kukumbuka. Australia wana hadithi yao ya mwaka 1969, walikuja Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, kucheza na Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia. Mchezaji wao Johnny Warren alisimulia kwamba walimtafuta mganga, akafukia mifupa karibu na goli, mechi wakashinda 3-1, mganga akadai pauni 1,000 na wao hawana, basi akaugeuza uchawi ukawarudia wenyewe. Wakatolewa na Israel. Miaka ikapita wanakosa kosa Kombe la Dunia, mbaya zaidi ni 1997 pale Melbourne, wanaongoza 2-0 dhidi ya Iran, wamebakiza muda kidogo tu wafuzu, ikaisha 2-2 na safari ikaishia hapo. Mwaka 2004 mtangazaji wao John Safran akaenda Msumbiji kufanyiwa tambiko la kulivua gundu, Novemba 2005 wakaitoa Uruguay kwa penati na wakaenda Ujerumani 2006. Hadithi imekamilika, nywele zinasimama. Tatizo ni kwamba Australia walicheza Kombe la Dunia mwaka 1974, miaka mitano tu baada ya huyo mganga kuwalaani, na hadithi ikisimuliwa mwaka huo unarukwa.

Ivory Coast nao hivyo hivyo. Walibeba kombe la Afrika 1992 pale Dakar kwa penati 11-10 mbele ya Ghana, waganga wa kijiji cha Akradio wakalalamika kwamba waliahidiwa malipo na hawakuyaona, na miaka kumi ya ukame baadaye, 2002, waziri wa ulinzi mzima akaenda kijijini kuomba radhi akiwa na dola 2,000. Deni likalipwa. Halafu 2006 wakapoteza fainali kwa penati mbele ya Misri, 2012 wakapoteza fainali kwa penati mbele ya Zambia, Drogba akiwa ameshakosa penati ndani ya dakika 90. Kombe lilirudi 2015, tena mbele ya Ghana, tena kwa penati. Ukitaka kuamini utasema mganga alichelewa kupokea, mimi naona kizazi cha Drogba kilikuwa kizazi kizuri mno kilichokutana na penati, na penati hazina adabu kwa mtu.

Hiyo fainali ya 2012 siwezi kuipita hivi hivi. Ilichezwa Libreville. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Libreville, watu wote 30 wakafa, wachezaji 18 ndani yake. Kama kuna mji duniani ambao timu ingekuwa na haki ya kuuita mji wa nuksi ni ule kwa Zambia. Siku chache kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni wakaweka maua, wakaimba, na Kalusha Bwalya ambaye mwaka 1993 hakuwa kwenye ndege ile kwa sababu alikuwa anacheza Ulaya alikuwepo, sasa akiwa rais wa chama chao cha mpira. Wakashinda kwa penati 8-7. Sijawahi kusikia Mzambia anayesema Libreville ina mkosi, wao walikwenda pale wana wafu wao wa kuwachezea mechi. Mahali ni mahali, watu ndio wanaamua pabebe nini.

Kuna mkosi mwingine ambao nikiri unachanganya hata wenye akili ya hesabu, ule wa mtu kusifiwa halafu akaharibu. Jarida la Sports Illustrated la Marekani lilianza Agosti 1954, jaladani akiwa Eddie Mathews wa besiboli, na muda mfupi baadaye akaumia mkono. Tangu hapo ikawa inasemwa kwamba ukitokea jaladani umekwisha. Mwaka 2002 jarida lenyewe likapitia majalada yake 2,456 na kukuta 913 yalifuatwa na balaa la aina fulani, kama asilimia 37, na toleo hilo wakaweka picha ya paka mweusi kwa sababu Kurt Warner, nyota wa futiboli ya Kimarekani, aligoma kupigwa picha na huyo paka. Lakini fikiria, jaladani wanakuweka lini? Wanakuweka wiki ambayo umecheza kuliko ulivyowahi kucheza. Wahenga walishasema aliye juu mngoje chini, na hapo hawakuwa wanazungumzia laana, ni kwamba kile kiwango cha wiki ile kilikuwa uwezo wako pamoja na bahati kidogo, bahati ikitoka unabaki na uwezo wako ule ule wa kawaida na watu wanaona umeshuka.

Daniel Kahneman, yule mwanasaikolojia aliyekuja kupata Nobeli ya uchumi 2002, alilikuta hili kwa wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel. Wao walikuwa wanamwambia kwamba ukimsifia rubani kijana kwa kuruka vizuri kesho yake anaharibu, ukimfokea aliyeharibu kesho yake anafanya vizuri, kwa hiyo sifa ni sumu na makaripio ni dawa. Akawaonyesha kwamba hakuna sumu wala dawa hapo, aliyefanya vizuri kupita kawaida yake kesho anarudi kwenye kawaida yake, na aliyeharibu kupita kawaida naye anarudi, wao wanafoka katikati na kujipa sifa. Hili jambo likishakuingia kichwani hulioni tena gundu la mchezaji mpya wa msimu au la kocha bora wa mwezi kwa macho yale yale.

Sasa hivi lipo la msanii Drake. Mchezaji anapiga naye picha, wiki inayofuata anafungwa. Ilifika Aprili 2019 AS Roma wakatangaza mtandaoni kwamba wachezaji wao wamepigwa marufuku picha na Drake mpaka msimu uishe, na bondia Anthony Joshua akaposti picha naye akisema anakwenda kuivunja hiyo laana, Juni akapigwa na Andy Ruiz pale New York, ngumi zilizoshangaza dunia nzima. Mwezi huo huo wa Juni Toronto Raptors, timu ya mpira wa kikapu ambayo Drake anakaa nayo kiti cha mbele msimu mzima, ikachukua ubingwa wa NBA kwa mara ya kwanza. Hapo watu walinyamaza kidogo kisha wakaendelea. Yeye ana pesa na jina, mikosi ya mitandaoni haimpunguzii kitu, kwa hiyo simwonei huruma sana.

Ninayemwonea huruma ni Moacir Barbosa.

Tarehe 16 Julai 1950, Maracanã, Brazil wanacheza na Uruguay mechi ya mwisho ya Kombe la Dunia. Mfumo wa mwaka ule haukuwa na fainali kama tunayoijua, ilikuwa kundi la timu nne, na Brazil walihitaji sare tu. Walikuwa wameshaipiga Sweden 7-1 na Hispania 6-1. Magazeti yalishawatangaza mabingwa kabla ya mpira kuanza. Watu waliokata tiketi walikuwa zaidi ya 173,000 na waliomo ndani inakadiriwa walifika laki mbili. Friaça wa Brazil akafunga mapema kipindi cha pili. Dakika ya 66 Ghiggia wa Uruguay akapita winga ya kulia, akakata krosi, Schiaffino akasawazisha. Dakika ya 79 Ghiggia yule yule, winga ile ile, anakimbia, na Barbosa golini anafanya ambacho kipa yeyote mwenye akili angefanya, anakumbuka krosi ya kwanza, anasogea hatua moja kutoka kwenye mlingoti wa karibu kuiwahi krosi ya pili. Ghiggia akaona upenyo ule akapiga golini. Barbosa akarudi, akauparaza mpira, kuna maelezo kwamba alidhani ameutoa nje mpaka aliposikia uwanja umekuwa kimya. 2-1.

Huyu alikuwa kipa aliyesifiwa na waandishi kuwa bora kwenye mashindano yale. Alikuwa bingwa wa Amerika Kusini mwaka mmoja nyuma. Na alikuwa mtu mweusi, na lawama za siku ile zilimwangukia yeye na mabeki wawili, Bigode na Juvenal, nao weusi, hilo halikuwa bahati mbaya. Baada yake ilichukua mpaka Dida mwaka 2006 ndipo kipa mweusi akawa chaguo la kwanza la Brazil kwenye Kombe la Dunia. Miaka 56! Brazil walitupa hata jezi yao nyeupe, ikaonekana ina mkosi, wakaitisha shindano la kuchora mpya na ikapatikana hii ya njano ambayo leo kila mtoto duniani anaijua. Jezi nyeupe iliwekwa kabatini ikaisha habari yake. Mtu huwezi kumweka kabatini.

Mwaka 1993, zaidi ya miaka 40 baadaye, mzee Barbosa alikwenda kuitembelea timu ya taifa kambini, ilikuwa inajiandaa kufuzu kwenda Marekani 1994. Akazuiwa mlangoni kwa sababu wataalamu wa benchi waliona atawaletea nuksi wachezaji. Nimelisoma hili mara nyingi na bado sijui niliweke wapi. Yaani mtu aliyeichezea nchi yake, mzee wa miaka sabini na kitu, anataka kuwapa vijana mkono tu, na wakubwa wazima wanakaa kikao wanaamua huyu asiingie. Alikuwa anasema kifungo kirefu kabisa kwa sheria za Brazil ni miaka 30, yeye anatumikia chake kimefika 50 na hakufanya kosa. Alifariki Aprili 2000.

Mtu ataniambia hayo ya zamani. Haya, tarehe 14 Oktoba 2003, Chicago. Chicago Cubs hawajachukua ubingwa wa besiboli tangu 1908, na kisa chao kinachopendwa ni cha mwenye baa mmoja, Billy Sianis, aliyefukuzwa uwanjani 1945 na mbuzi wake na inasemekana akailaani timu. Usiku huo wanaongoza 3-0, wamebakiza kuwatoa wapinzani watano tu waingie fainali. Mpira unapanda juu unashuka pembezoni kabisa, mashabiki kadhaa wanaoshika mipira kama mashabiki wote wanavyofanya wananyoosha mikono, mmoja anaugusa, mchezaji wa Cubs aliyeruka kuudaka anaukosa na anawaka kwa hasira mbele ya kamera. Jina la huyo shabiki sitaliandika, lilishaandikwa vya kutosha na hakulitafuta. Alikuwa amekaa na kofia ya timu yake na hedifoni masikioni anasikiliza mechi ile ile redioni. Kilichofuata ni kwamba mchezaji wa Cubs aliukosa mpira rahisi ambao ungemaliza ile zamu, wapinzani wakafunga pointi nane, na kesho yake kulikuwa na mechi nyingine ambayo Cubs waliiongoza pia na wakaipoteza pia. Lakini uwanja mzima ulikuwa umeshamgeukia mtu mmoja kwenye kiti, anarushiwa bia, anatolewa na walinzi amefunikwa uso. Ule mpira wenyewe uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola laki moja na mwaka 2004 wakaulipua hadharani kwa baruti kuondoa mkosi. Sawa, mpira ulipueni. Yeye alijificha miaka yote, akakataa pesa za matangazo, akakataa mahojiano. Cubs walichukua ubingwa 2016, ndipo 2017 klabu ikampa pete ya ubingwa. Nashukuru walimpa. Ila angalia mpangilio, kwanza ilibidi timu ishinde.

Boston Red Sox, timu nyingine ya besiboli, ilikuwa hivyo hivyo kwa mchezaji wao Bill Buckner. Mwaka 1986, mechi ya sita ya fainali inayochezwa hadi mechi saba, mpira ukampita katikati ya miguu, na watu wakaambiana ni laana ya kumuuza nyota wao Babe Ruth kwa Yankees ya New York iliyowaganda tangu ubingwa wao wa 1918. Mpira ulipompita matokeo yalikuwa tayari yameshakuwa sare, waliovuruga uongozi walikuwa wengine, na mechi ya saba ilikuwa bado na Boston waliongoza 3-0 kwenye hiyo ya saba. Haikusaidia. Vitisho vya kuuawa, watoto wake wakichokozwa, familia ikahamia Idaho mbali huko. Alirudi kurusha mpira wa ufunguzi Aprili 2008, watu wakasimama kumpigia makofi, akalia. Timu ilikuwa imeshachukua ubingwa 2004 na 2007. Msamaha wa mashabiki huwa unaletwa na kombe, na mimi hilo silikubali, maana mtu anastahili kuachwa apumue hata kama timu haitashinda tena milele.

Kwenye maisha ya umma mambo yanakuwa mazito zaidi kwa sababu mkosi unakuwa kichaka cha kujificha. Wamarekani wana ile ya marais waliochaguliwa miaka inayoishia na sifuri kila baada ya miaka 20, Harrison wa 1840, Lincoln 1860, Garfield 1880, McKinley 1900, Harding 1920, Roosevelt 1940, Kennedy 1960, wote walifia madarakani. Inatisha ukiisoma haraka. Zachary Taylor naye alifia madarakani mwaka 1850 lakini alichaguliwa 1848 kwa hiyo hatajwi, na Reagan wa 1980 alipigwa risasi Machi 1981 akapona. Kinachonigusa hapo ni mtoto wa Lincoln, Robert. Alikuwepo baba yake akikata roho. Mwaka 1881 alikuwa kituo cha treni Washington Garfield alipopigwa risasi, na 1901 alikuwa amefika Buffalo siku McKinley alipopigwa. Inasemekana mwenyewe akaanza kujiona ana nuksi na marais, hataki mialiko. Lakini Robert alikuwa Waziri wa Vita wa Garfield, angekuwa wapi kama si pale? Marais watatu waliuawa kwa sababu walitembea katikati ya watu karibu bila ulinzi, na ni baada ya McKinley ndipo ulinzi wa rais ukawa kazi ya kudumu. Mtu alijibebesha uzito uliokuwa wa serikali.

Au chukua Titanic, Aprili 1912. Zilizagaa habari kwamba ilizama kwa sababu ndani kulikuwa na maiti ya Misri yenye laana. Kile kifuniko cha jeneza kinachosemwa kipo British Museum mpaka leo, hakikupanda meli. Kilichokuwepo ni boti za kuokolea zenye nafasi ya watu 1,178 kwenye meli yenye watu zaidi ya 2,200, na sheria za wakati ule ziliruhusu. Ukisema laana hakuna wa kuulizwa. Ukisema boti, kuna watu na majina yao na saini zao.

Na kuna kule ambako imani ya bahati inamwaga damu kabisa. Watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna mtu aliaminishwa viungo vile vinaleta utajiri au kiti cha uongozi, na watetezi wa haki zao wamekuwa wakipaza sauti hasa misimu ya uchaguzi inapokaribia. Vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi. Najua ni mbali na jezi ya fainali, lakini njia ni ile ile, maumivu yanatafuta mtu, na mtu anayepatikana ni yule asiye na wa kumtetea.

Kitu kimoja kinanipa moyo, na ni Waingereza na penati zao. Walitolewa kwa penati 1990, 1996, 1998, 2004, 2006, 2012, ikawa ukisema Uingereza na penati kila mtu anajua jibu. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, alikaa akaangalia video na kukuta wachezaji wa Uingereza wakisikia filimbi wanakimbilia mpira haraka kuliko wengine, wanataka tu yaishe. Yaani gundu lilikuwa limeshaingia vichwani na sasa linafanya kazi kweli, hakuna uchawi hapo, ni mtu anayeharakisha kwa sababu anaogopa. Gareth Southgate aliyekosa ile ya 1996 akawa kocha, akaifanya penati kuwa somo la mazoezi, tembea taratibu, vuta pumzi, chukua muda wako. 2018 wakaitoa Colombia. 2021 fainali ya kombe la Ulaya na Italia wakapoteza, Rashford, Sancho na Saka wakakosa, Saka ana miaka 19, na mitandaoni wakatukanwa matusi ya rangi yao usiku ule ule, nikawaza haya tena, akina Barbosa watatu wapya.

Lakini safari hii kocha alisema hadharani wapigaji niliwachagua mimi, lawama ni zangu. Klabu yake Saka ikamsubiri, mashabiki wakamwandikia barua kwa wingi, na akaendelea kuitwa timu ya taifa. Tarehe 6 Julai 2024, Düsseldorf, robo fainali na Uswisi, timu inakaribia kutolewa, Saka anasawazisha. Zinakuja penati. Kipa Pickford chupa yake ya maji imebandikwa maelekezo ya kila mpigaji wa Uswisi, kwa Akanji imeandikwa aruke kushoto, anaruka kushoto, anaipangua. Waingereza wanapiga tano wanafunga tano, na Saka ni mmoja wao. Wakaenda mpaka fainali Berlin na wakafungwa 2-1 na Hispania, na Hispania walistahili, walikuwa timu bora ya mashindano tangu siku ya kwanza.